KUUZA MASHINE TULIYOIJENGA WENYEWE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nakuru)



Tumeombwa tueleze habari ya ile mashine. Twajua kwamba habari zake zimekwisha zunguka landhi zote, na kila zilipopita zimetiwa chumvi. Wako wanaosema tumeiuza kwa milioni moja. Wako wanaosema tumeitoa bure kwa kuwa hatujui biashara. Tena wako wengine, na hao ndio waliotuuma, wanaosema kwamba chuma chake kilitoka uani kwa reli. Basi leo tutasema mambo kama yalivyokuwa, pamoja na hesabu, na pale tulipokosea hatutapaficha.

Sisi tu watu wanne. Wawili ni wa karakana ya mabehewa, mmoja ni wa njia, na wa nne si mtu wa reli: ni seremala mwenye kibanda Kaptembwa, ambaye tunaimba naye kwaya moja. Mashine yenyewe ni ya kuchonga mbao kwa amri ya kompyuta. Mafundi wa mjini huiita CNC, kwa herufi tu, nasi tutaiita hivyo hivyo.

Kwa yule ambaye hajaiona, afikiri meza ya chuma yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 80. Juu ya meza kuna daraja liendalo mbele na nyuma. Juu ya daraja kuna kigari kiendacho kushoto na kulia, na katika kigari hicho imefungwa mota ya kukata, ambayo hupanda na kushuka. Mota za kuendesha haziendi ovyo kama ya feni. Hizo huenda kwa hatua, hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Parafujo yetu husogeza kigari milimita 5 kwa mzunguko, kwa hiyo hatua moja ni robo ya sehemu ya kumi ya milimita. Amri huandikwa mstari kwa mstari: nenda hapa, shuka kiasi hiki, kata mpaka pale. Mashine hufuata amri kama dereva wa gari moshi afuatavyo karatasi aliyopewa stesheni, haiulizi kwa nini. Ukiiandikia upumbavu, itachonga upumbavu kwa uangalifu mwingi.

Mtu atauliza, gitaa limeingiaje katika habari hii? Liliingia kwa sababu gitaa la kwaya yetu lilivunjika shingo. Seremala wetu akasema hilo si jambo, akachonga shingo nyingine kwa mkono. Ilipendeza macho, lakini haikuimba sawa. Chini kwenye shingo nyimbo zilikubali, juu zilikataa. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo ya gitaa vina hesabu yao. Kama uzi una urefu wa milimita 648 toka unapoanza hadi unapoishia, ugawanye kwa 17.817, nawe utapata milimita 36.4, hapo ndipo pa chuma cha kwanza. Urefu uliobaki nao ugawanye tena kwa 17.817, utapata 34.3, ndicho cha pili. Endelea hivyo hivyo mpaka chuma cha kumi na mbili, nacho kitaangukia katikati kabisa, milimita 324. Ukikosea nusu milimita, sikio litakwambia. Sasa mkono wa mtu, hata uwe hodari, ukifika chuma cha kumi na tano umechoka. Mashine haichoki.

Gitaa la umeme ndilo rahisi zaidi kwa mashine ya namna hii. Leo Fender wa California, alipoanza kuuza gitaa la ubao mzima mwaka 1950, alilifanya tumbo la ubao bapa tu, na shingo akaifunga kwa skurubu nne, ili kila kipande kichongwe peke yake na kikiharibika kibadilishwe. Naye hakuwa mpiga gitaa! Sisi tulimfuata katika mpango huo. Shingo yetu ya kwanza tuliichonga kwa mti wa saipresi uliotoka upande wa Elburgon, bei yake nafuu, nao haukuwa umekauka. Ulipofika upepo wa Januari, shingo ikajikunja kama ulimi wa kiatu cha mvua. Ya pili tuliichonga kwa mkangazi mkavu, na usoni tukabandika ukanda wa mpingo. Ile ndiyo inayopigwa kanisani hata leo. (Juu ya mpingo, neno moja: tangu 2 Januari 2017 mpingo na jamii yake yote wamo katika mapatano ya dunia ya kulinda miti na wanyama, na mbao zake hazivuki mpaka bila kibali. Ala za muziki zilizokwisha tengenezwa zilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2019. Mnunuzi mmoja alituuliza jambo hilo nasi hatukuwa na jibu. Sasa tunalo.)

Tulianza kujenga mwezi wa Machi 2023. Mengi ya ujenzi tutayaruka. Ila kiunzi cha kwanza tulikichomelea chote kwa siku moja, moto ukakipinda milimita 3, ikatubidi tukate na kuanza upya, safari hii tukifunga kwa bolti pale ilipowezekana. Watu wa karakana tulipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Juu ya chuma, sikieni vizuri. Mnakumbuka kwamba mwezi wa Januari 2022 Serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu, kwa ajili ya uharibifu wa mali ya umma, na ikaifungua tena mwezi wa Mei. Tulipoanza sisi, biashara ilikuwa wazi, lakini mtu wa reli akionekana na mkokoteni wa chuma bado alikuwa mwizi mpaka aonyeshe karatasi. Kwa hiyo kila kipande tulikidai risiti, hata kama ni cha Sh. 200/-. Muuzaji mmoja hakujua kuandika, tukaandika sisi, yeye akatia kidole. Risiti zote zimo katika daftari hili lililo mezani, na mwenye shaka na aje alisome. Siku ya kuuza ndipo tulipojua thamani yake, maana swali la kwanza la kila mnunuzi, alipojua kazi yetu, lilikuwa hilo hilo.

Wenzetu wengine wametucheka: watu wa reli na kompyuta za kukata, wapi na wapi? Lakini Shirika la Reli pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi ndio waliomiliki kampuni ya Numerical Machining Complex, iliyoundwa mwaka 1994, na makao yake yako kwenye eneo la karakana kuu ya reli pale Nairobi. Kampuni hiyo ilitokana na mradi wa gari la Nyayo ulioanza mwaka 1986. Magari matano ya mfano yalijengwa, yakaonyeshwa mwaka 1990, yakakimbia barabarani, wala hayakufika sokoni. Sisi tuliitaja habari hiyo kati yetu mara nyingi, kwa kuwa nasi mwaka 2024 mashine yetu ilikuwa imekwisha, inakata vizuri, na mtu wa kuinunua hayupo.

Kwa nini tuliitaka kuiuza? Kwa sababu tulikuwa na deni la chama cha akiba, na kibanda kilikuwa chembamba, na seremala wetu alihitaji mahali pa kupangia vitanda. Hakuna siri nyingine.

Mtu wa kwanza aliyekuja aliizunguka mara mbili, akauliza, "Ni ya kampuni gani?" Tukamwambia ni yetu. Akaenda zake. Mashine isiyo na jina ubavuni ni kama mtoto asiye na cheti, kila afikapo huulizwa wazazi. Tukaamua kwamba hatutaisifu tena kwa mdomo. Kila ajaye tutachonga mbele yake. Basi wa pili alipokuja tukaweka ubao mzuri wa mvule, tukaanza kuchonga tumbo la gitaa. Dakika ya kumi na mbili umeme ukapotea. Uliporudi, mashine ilikuwa imesahau mahali ilipokuwa, nayo ikaendelea kukata sentimita kumi pembeni. Ubao ukaharibika, na mnunuzi akacheka mpaka akashika mlango. Kosa lilikuwa letu. Hatukuwa tumeweka vile vitufe vya mwisho wa njia, ambavyo mashine huenda kuvigusa ili ijue pembe yake ni ipi. Tulivinunua juma lile lile, kwa bei ndogo kuliko ule ubao.

Wa tatu alikuwa mfanya biashara wa fanicha. Jina lake hatutalitaja. Huyu alielewa mashine, na alipoona shingo mbili zimetoka sawasawa, macho yake yalibadilika. Lakini mdomo wake ulisema, "Hiki ni chuma tu. Nitawapa Sh. 220,000/-."

Nasi, ndugu zangu, tulikuwa karibu kukubali! Kwa maana bei tuliyokuwa nayo moyoni ilikuwa Sh. 230,000/-. Tuliipataje? Tulijumlisha risiti: chuma, mota nne na vifaa vyake vya kuziendesha, reli za kutelezea, parafujo, mota ya kukata, nyaya na rangi. Zikafika Sh. 214,600/-. Tukaongeza kidogo "cha chai". Ndivyo tulivyohesabu, sisi ambao katika mikutano hii kila mwaka hupiga meza tukidai malipo ya saa za ziada.

Ni mke wa mmoja wetu aliyetuuliza, "Na zile usiku mlizokuwa hamrudi nyumbani, nani anazilipa?" Bahati njema tulikuwa na daftari ya kufungua na kufunga kibanda. Tukakaa tukahesabu: saa 610 kwa watu wote wanne. Toa risiti katika Sh. 230,000/-, zabaki Sh. 15,400/-. Gawanya kwa saa 610. Ni Sh. 25/- na senti kidogo kwa saa moja. Tajiri akitulipa hivyo, chama hiki kingegoma kabla ya jua kutua, na sisi tungekuwa mstari wa mbele. Tulikuwa twajilipa wenyewe hivyo, na kwa furaha. Tukafanya hesabu upya kwa Sh. 150/- kwa saa, yaani Sh. 1,200/- kwa siku ya saa nane, ambazo ndizo tungemlipa seremala tukimwita nyumbani. Saa 610 zikawa Sh. 91,500/-. Pamoja na risiti ni Sh. 306,100/-. Tukaandika bei Sh. 330,000/- kwa chaki juu ya mlango.

Yule mfanya biashara alirudi. Akasema atatoa Sh. 310,000/-, taslimu, siku hiyo hiyo, lakini ana masharti mawili. La kwanza, tuondoe kinga ya kioo na ile mashine ya kunyonya vumbi, kwa sababu zinachelewesha kupanga mbao. La pili, tuifunge kompyuta kwa neno la siri atakalolijua yeye peke yake, ili vijana wake wawe wa kubonyeza kitufe tu. "Wakijua kuandika amri," alisema, "kesho wataniomba mshahara wa fundi."

Hapo tuliketi usiku kucha. Fedha taslimu si kitu cha kuchezea. Mmoja wetu alikuwa na binti aliyerudishwa nyumbani kwa karo.

Tumesoma habari za mashine hizi zilikoanzia, nazo zilitusaidia. Mwaka 1952, katika chuo cha MIT huko Marekani, ilionyeshwa mashine ya kukata chuma kwa hesabu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Wazo lilitoka kwa John Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta, na fedha zilitoka kwa jeshi la anga. Lakini kabla ya hapo kampuni ya General Electric ilikwisha kujaribu njia nyingine. Fundi hukata kipande cha kwanza kwa mkono wake, mashine hushika mwendo wake katika utepe wa sumaku, kisha huurudia. Katika njia hii maarifa hubaki kwa fundi. Katika ile ya kwanza amri huandikwa ofisini. Iliyoshinda ni ya ofisini. Mwandishi wa historia David Noble alitoa kitabu mwaka 1984 akieleza kwamba sababu haikuwa ufundi peke yake. Wenye viwanda walitaka ujuzi wa kazi utoke mikononi mwa wafanya kazi. Tulipokumbuka hayo tukaona kwamba yule bwana wa Nakuru hakubuni jambo jipya.

Tena programu inayoendesha mashine yetu, GRBL, hatukuinunua. Iliandikwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, akaitoa bure kwa watu wote, na ruhusa yake yasema kwamba ukimpa mtu programu hiyo, umpe na maandishi yake, asome na kubadili apendavyo. Kitu tulichopewa kikiwa wazi, tukifunge kwa nani?

Hata hivyo kura ya usiku ule ilikuwa mbili kwa mbili, na hatutasema nani alipiga wapi. Ila asubuhi yule wa karo alibadili kura yake mwenyewe, wala hakuomba maneno mengi. Huyu, kabla hajaingia reli, alifanya kazi kwa tajiri mmoja wa mbao, na huko aliacha ncha ya kidole katika randa ya umeme isiyo na kinga. Alipewa Sh. 3,000/- na nauli. Alituonyesha kile kidole tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo yamtaka mtengenezaji wa mashine ya kazi aifanye iwe salama, kwa hiyo kuing'oa kinga lingekuwa kosa letu hata kabla ya kuwa lake. Na vumbi la mbao si vumbi tu: tangu mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa wanadamu, hasa ya pua. Mota ya kukata ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, vumbi lake huelea hewani kama moshi.

Mwishowe tuliwauzia maseremala watano wa upande wa Bahati, ambao ni kikundi chenye akaunti moja. Bei Sh. 330,000/-. Walileta Sh. 200,000/- kwanza, na zilizobaki ni Sh. 13,000/- kila mwezi kwa miezi kumi. Tuliandika mapatano kwa nakala mbili, mbele ya mashahidi. Kinga haiondolewi. Kitufe chekundu cha kusimamisha kinabaki mahali mkono unapofika. Sisi tunawafundisha wote watano kuandika amri, Jumamosi nane. Na miezi sita tunatengeneza bure kila kinachoharibika, isipokuwa visu.

Sasa makosa. Hatukuhesabu umeme wala kodi ya kibanda kwa miezi kumi na mitano. Katika zile saa 610 hatukutia saa za kufundisha, nazo Jumamosi nane ni siku nane. Tuliwapa namba zetu za simu wote watano, nao wakatupigia usiku wa zamu kuuliza kwa nini kisu kinaunguza ubao. (Kilikuwa butu.) Mwezi wa nne hawakulipa, mteja wao aliwacheleweshea. Tukaenda, tukakaa nao, wakalipa miezi miwili pamoja mwezi wa tano. Vipande vitatu bado havijalipwa. Karo ya yule binti ililipwa kwa mkopo, na riba yake tunaigawana sote wanne.

Jambo moja tuliulizwa na mzee mmoja wa njia, akitaka tulijibu hapa mbele ya wote: mashine hii haiwaondolei watu kazi? Mzee, hatutasema uongo. Wale watano hakuna aliyetoka, kwa kuwa mashine ni yao. Lakini yuko jirani yao aliyekuwa akiwachongea vichwa vya vitanda kwa mkono, akilipwa kwa kipande, na sasa vipande vyake vimepungua. Alikuja kibandani kwetu Jumamosi ya tano. Hakuja kugombana, alisimama mlangoni akatazama. Tulimkaribisha aketi pamoja na wengine, naye akamaliza zile Jumamosi tatu zilizobaki. Michoro yake ya maua ndiyo mizuri kuliko yote tuliyoiona ikikatwa na mashine ile. Kama wale watano watamkubali awe wa sita, hilo bado wanazungumza, na sisi tumewaandikia barua ya kumwombea.

Tumeanza kukusanya chuma cha mashine ya pili. Safari hii daftari ya saa iko mlangoni imefungwa kwa uzi, na kila aingiaye huandika.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Risiti, mapatano na hesabu ziko mezani kwa Katibu, na mwenye swali na aulize. Tunaomba tu, Ndugu Mwenyekiti, maswali yaishe kabla ya saa kumi na mbili, maana wawili wetu wana zamu ya usiku.